Goti Lirejeapo Nyumbani

Mtu aliyebadilishiwa goti hutoka hospitali na jeraha lililoshonwa, vidonge vya kutuliza maumivu, magongo mawili, na karatasi ya maagizo ambayo aghalabu husomwa mara moja tu, tena garini. Kisha hufika kwake akapokewa mlangoni na watu wampendao, huyu akimshika kwapa, yule akimtandikia kitanda, wa tatu akiuliza kama supu ipashwe moto. Na hapo ndipo ianzapo kazi iliyo ndefu kuliko upasuaji wenyewe, na ndipo pia, kwa rai yangu, iharibikapo mara nyingi zaidi. Haiharibiki kwa uzembe, maana maradhi yaingiapo katika nyumba zetu ni nadra mgonjwa kukosa mtu wa kumletea maji. Huharibika kwa huruma: kwa kumzuia asiinuke, kwa kumwekea mto chini ya goti, kwa kumkanda, kwa kumwambia, "Tulia, baba, sisi tupo." Sura hii ni juu ya huruma hiyo, na namna inavyoweza kugeuzwa ikawa dawa.

Yafaa kwanza ijulikane ni kitu gani hasa kilichofanywa. Watu wengi hudhani kwamba goti zima hung'olewa na jingine likatiwa mahali pake, na dhana hiyo huzaa matumaini yasiyo na msingi, kwamba kitu kipya hakina budi kufanya kazi kama kipya tangu siku ya kwanza. Mambo sivyo yalivyo. Mpasuaji huchonga ncha ya chini ya mfupa wa paja na kichwa cha mfupa wa muundi, unene wa takriban sentimita moja kila upande, pale ambapo gegedu limekwisha kulika. Huzivika ncha hizo vifuniko vya madini, ambavyo mara nyingi hugandishwa kwa saruji maalumu ya mifupa, na katikati yake huweka kipande cha plastiki ngumu iitwayo poliethilini. Kilicho kipya basi ni zile nyuso mbili zinazosuguana. Misuli, ngozi, mishipa ya fahamu na kano za pembeni ni zile zile za zamani, zilizodhoofika kwa miaka ya kuchechemea, na ambazo sasa zimepasuliwa na kuvutwa huku na huku mgonjwa akiwa amelala kwa dawa ya ganzi au ya nusukaputi. Chuma hakina maumivu wala hakina kupona; kinachopona ni nyama iliyokizunguka, na nyama hiyo ina sheria zake.

Ufundi huu haukuzuka jana. Katika mwaka 1890 mpasuaji aliyeitwa Themistocles Gluck, huko Berlin, alimtia mgonjwa goti la bawaba lililochongwa kwa pembe ya ndovu, katika zama ambazo Unguja ilikuwa soko mashuhuri la pembe duniani, na shehena zilizobebwa mabegani kutoka bara zilikwenda kuwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi katika nchi za ng'ambo. Wazo la Gluck lilikuwa sahihi kabla ya wakati wake; lililomshinda ni kwamba magoti aliyoyatengeneza yalikuwa yameliwa na kifua kikuu cha mifupa, na vijidudu vilivyobaki ndani viliharibu kila alichokitia. Ilipita miaka zaidi ya 70 hata John Charnley, Mwingereza, alipothibitisha mnamo mwaka 1962 kwamba chuma na poliethilini vinaweza kusuguana ndani ya nyonga ya mwanadamu bila ya kudhuru upesi, na kutoka hapo wengine wakalichukua wazo hilo wakaliteremsha hadi kwenye goti; umbo linalofanana na litumikalo leo lilianza kutiwa watu katika mwaka 1974 huko New York, kazi ya John Insall na wenzake. Tangu hapo vifaa vimeendelea kurekebishwa, lakini yale yampasayo mgonjwa kufanya baada ya kurudi kwake hayakupata mbadala wa chuma wala wa plastiki.

Wala tusiwacheke jamaa wanaomlaza mgonjwa wao, kwa kuwa kwa muda mrefu matabibu wakubwa walikuwa upande wao. Hugh Owen Thomas, tabibu wa mifupa wa Liverpool aliyefariki mwaka 1891, alifundisha kwamba kiungo kilichougua kipumzishwe kabisa, kwa muda mrefu, wala kisisumbuliwe hata kidogo. Na kwa insafu yafaa kusema kwamba kwa maradhi aliyokuwa akiyatibu, hasa hicho kifua kikuu cha viungo, wakati ambapo dawa ya kuua vijidudu haikuwapo, hakuwa na silaha nyingine. Kosa lilikuwa la waliomfuata, waliochukua hukumu ya ugonjwa mmoja wakaifanya kanuni ya kila goti. Kanuni hiyo ilidumu hata Robert Salter wa Toronto, nchini Kanada, alipoanza mwaka 1970 majaribio yake juu ya sungura waliotobolewa gegedu: wengine akawafunga plasta, wengine akawaacha watembee wapendavyo, na wengine akawatia katika mashine iliyokunja na kukunjua kiungo bila kukoma. Waliofungwa plasta walipona vibaya kuliko wote, na waliotikiswa na mashine walipona vizuri kuliko wote.

Kwa ajili hiyo mashine za namna ile zikaingia mawodini, na wagonjwa wa magoti wakalazwa huku miguu yao ikipandishwa na kushushwa kwa umeme, mpaka walipolinganishwa wagonjwa waliotumia mashine na wasioitumia, ikadhihirika kwamba baada ya kubadilishiwa goti faida yake ni ndogo mno, na hospitali nyingi zikaiacha. Jambo hili hunipendeza kulitafakari. Sungura hawezi kuambiwa ainue mguu. Mwanadamu anaweza, na mwendo autoao mwenyewe kwa msuli wake humpa kitu ambacho mashine haikuweza kumpa. Siku hizi mgonjwa husimamishwa siku ile ile ya upasuaji au kesho yake, wala hapewi nafasi ya kulizoea godoro.

Sasa tuuangalie msuli huo, kwa maana hapa ndipo mgonjwa hushtuka. Ule msuli mkubwa wa mbele ya paja, unyooshao goti na kutuwezesha kuinuka kitini, hupoteza kiasi cha nusu ya nguvu zake, pengine zaidi, katika mwezi wa kwanza baada ya upasuaji. Mgonjwa amelala chali, anauamuru mguu uinuke, na mguu hausikii. Basi huingiwa na hofu kwamba mshipa umekatwa, au kwamba amefanyiwa jambo lisilosemwa. Sababu ya asili ni nyingine. Goti lililovimba hupeleka habari katika uti wa mgongo, na huko amri ya kwenda msulini huzuiliwa, kana kwamba mwili umejifungia mlango ili kiungo kilichojeruhiwa kisitumike. Ithibati yake ni majaribio yaliyofanywa kwa watu wenye magoti mazima: walipotiwa maji safi ya chumvi kwa sindano ndani ya goti, bila jeraha wala maradhi yoyote, msuli wa paja ulilegea papo hapo. Kwa hiyo uvimbe wenyewe ndio unaoulaza msuli, na mgonjwa apunguzaye uvimbe kwa kuinua mguu juu ya usawa wa moyo, na kwa barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 15 hadi 20 kila mara, anafanya kazi ya kuuamsha msuli hata kabla hajaanza mazoezi. Kisha huukaza msuli huo akiwa amelala, akiligandamiza goti kuelekea godoroni, akahesabu kidogo, akauachia, na kurudia. Ni zoezi lisiloonekana na mtu, na ndiyo sababu wageni humwona amelala tu wakadhani hafanyi kitu.

Na sasa nifike kwenye mto. Hakuna kitu kilichotendwa kwa mapenzi zaidi, wala kilichozidi kwa madhara, kuliko mto uwekwao chini ya goti lililopasuliwa. Mgonjwa hustarehe papo hapo, kwa sababu goti lililovimba hupenda kukaa limekunjika kidogo, na anayemwekea hupata shukrani; lakini makovu yanajengwa ndani, usiku na mchana, na makovu hujengwa kulingana na hali goti lilivyolala. Baada ya wiki chache goti halinyooki tena mpaka mwisho, na mtu mwenye goti la namna hiyo hutembea kama anayetaka kuketi, msuli wake wa paja ukifanya kazi hata asimamapo tu, hivyo akachoka mapema na kiuno kikamuuma. Mahali pa mto ni chini ya kisigino, goti likiwa linaning'inia wazi bila tegemeo, na uzito wake wenyewe ukilinyoosha. Haistareheshi. Ajaye na mto na auweke huko, kisha akae azungumze na mgonjwa ili dakika zipite.

Kukunja nako kuna hesabu yake. Kutembea mahali tambarare huhitaji goti likunjike kiasi cha nyuzi 65. Kupanda ngazi huhitaji zaidi ya 80. Kuinuka katika kiti cha kawaida huhitaji zaidi ya 90. Kwa hiyo nyuzi 90 ndiyo alama ambayo watu wa fiziotherapia huisubiri kwa hamu katika majuma ya mwanzo, na goti lisiloifikia baada ya wiki sita hadi kumi na mbili huweza kurudishwa hospitali, mgonjwa akalazwa kwa nusukaputi, na daktari akalikunja kwa nguvu ili kuyavunja makovu. Ili kuepuka hayo hakuhitajiki chombo cha gharama. Kanga iliyokunjwa kwa urefu na kupitishwa chini ya wayo, ncha zake mbili mikononi, humwezesha mgonjwa kuuvuta mguu wake mwenyewe kwa kadiri astahamilivyo. Na mfuko wa plastiki chini ya kisigino juu ya sakafu laini humwezesha, akiwa ameketi, kuurudisha mguu nyuma chini ya kiti, ausimamishe hapo, kisha asogeze makalio mbele kidogo, hadi palipo na maumivu ya haki. Ayafanye hayo mara kadhaa kwa siku na kwa muda mfupi, si mara moja kwa hasira, maana goti lililolazimishwa sana asubuhi huvimba jioni, na uvimbe, kama tulivyokwisha kusema, huulaza msuli.

Kuna wagonjwa, na aghalabu ni wanaume watu wazima, ambao huona ni udhaifu kumeza kidonge cha maumivu, wakajisifu mbele ya wageni kwamba hawajakigusa. Ushujaa huo una hasara. Asiyetulizwa maumivu hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi amefanyiwa upasuaji bure. Kidonge kimezwe kama kilivyoandikwa, tena ni vema kimezwe mapema kidogo kabla ya mazoezi, na kwa kuwa vile vikali hufunga choo, papai, mboga za majani na maji mengi viwepo kila siku mezani. Kidonge au sindano ya kuzuia damu isigande, ambayo kwa kawaida hutumiwa kwa siku 10 hadi 35, isiachwe kwa sababu tu mgonjwa anajisikia vizuri, maana si dawa ya kujisikia.

Damu hiyo ndiyo inayonileta kwa mkandaji. Pwani yetu, na hata bara, imejengeka juu ya kukanda: mzazi hukandwa, aliyeteguka hukandwa, mzee mwenye baridi yabisi hukandwa, na kuna akina mama wenye mikono yenye sifa mtaa mzima. Basi kabla wiki ya kwanza haijaisha, jamaa mmoja humwita mmoja wao, aje na maji ya moto na mafuta. Tafadhali asije; au akija, apewe chai. Baada ya upasuaji wa goti damu huweza kuganda ndani ya mishipa ya kigimbi, na donge lililotulia hapo, likikamuliwa kwa vidole vyenye nguvu, huweza kung'oka, likapanda pamoja na damu hata kwenye mapafu, na ajali hiyo huua mtu aliyekuwa akizungumza dakika moja kabla. Maji ya moto nayo, juu ya goti changa, huongeza uvimbe na kulilowesha jeraha ambalo lilitakiwa libaki kavu. Kigimbi kikiuma na kuvimba kuliko jana, au mgonjwa akibanwa na pumzi au kuchomwa na kifua, asingojee kucha wala asitafutiwe mafuta. Apelekwe hospitali saa ile ile. Hali kadhalika jeraha likitoa usaha, wekundu ukienea, homa ikipanda, au maumivu yakizidi siku hata siku badala ya kupungua. Ama joto la kawaida juu ya goti, uvimbe wa jioni, sauti ya kugonga ndani na ganzi upande wa nje wa kovu, hayo huweza kudumu kwa miezi mingi, na ganzi nyingine haiondoki kabisa, wala si ishara ya balaa. Kovu likishafunga na daktari akaruhusu, hapo mikono ile yenye sifa inaweza kuitwa, ilipake mafuta ya nazi kovu lenyewe taratibu lisishikamane na nyama iliyo chini.

Usiku ni mrefu; hilo nalisema bila kulipamba. Wagonjwa wengi huwa tayari kwa maumivu lakini hawakuonywa juu ya kukosa usingizi, na katika wiki ya tatu au ya nne, wageni wamepungua na goti bado ni gumu, huingiwa na majuto na kulia kwa jambo dogo. Hali hiyo hupita kwa wengi. Maendeleo ya goti hupimwa kwa mwezi, hayapimwi kwa siku, na hali huendelea kuwa bora hata kufikia mwaka mzima.

Nyumba nayo yapaswa kutengenezwa. Mikeka na mazulia yaviringishwe yawekwe kando, kwa sababu gongo huteleza juu yake; vizingiti vya nyumba zetu za zamani viwekewe taa. Penye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda na mguu uliopasuliwa hutangulia kushuka. Na afikapo kwenye mkongojo mmoja, aushike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, ijapokuwa kila mtu hutaka kuushika upande wa maumivu. Choo cha kuchuchumaa hakifai kabisa, si kwa miezi ya mwanzo tu, kwa kuwa goti la bandia kwa kawaida hukunjika kiasi cha nyuzi 110 hadi 120, ilhali kuchuchumaa hasa hutaka zaidi. Basi pawekwe kiti imara kilichotobolewa, cha mbao au chuma, na sio kile chepesi cha plastiki ambacho miguu yake hupanuka juu ya sakafu yenye maji. Mama aliyezoea kuketi juu ya mbuzi akune nazi atafute ya kufungwa mezani, au amwachie mjukuu. Baraza ya nje, kama kimo chake chatosha, ni kituo kizuri cha safari ya kwanza, kwa maana mtu huenda mbali zaidi akijua kuna kahawa na mazungumzo mwisho wa njia kuliko akiambiwa azunguke chumbani.

Swala huwatia watu wengi wasiwasi, na baadhi yao nimewasikia wakisema wataahirisha upasuaji kwa sababu hawatasujudu tena. Sheria haikumwacha mgonjwa katika dhiki: asiyeweza kusimama huswali ameketi, asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu, na wanazuoni wamefundisha kwamba kiwezekanacho hakianguki kwa sababu ya kisichowezekana. Kwa hiyo aliyeshindwa na kusujudu peke yake, lakini miguu yake imekwisha kupata nguvu za kumsimamisha, husimama mahali pa kusimama, akaketi kitini kwa sijida, akainama kwa kadiri awezavyo. Wengi hukaa kitini swala nzima hata baada ya miezi, nao wangeweza kusimama. Laiti wangejua wanachokikosa: swala tano za faradhi zina rakaa 17, na mwenye kuswali namna hiyo huinuka kitini mara 17 kwa kutwa, na kuinuka kitini ndilo zoezi lile lile ambalo mtaalamu wa fiziotherapia angemwandikia kwa ajili ya msuli wa paja. Mwanzoni kiti kiegemezwe ukutani na pawe na mtu karibu. Kupiga magoti, kwa wale ambao ibada yao au kazi yao huwataka hivyo, si haramu kitabibu jeraha likishapona, ingawa wengi huhisi kitu kigeni chini ya ngozi. Mpasuaji aulizwe, kisha mtu ajaribu kwanza juu ya godoro.

Limebaki goti la pili. Maradhi ya kulika kwa gegedu aghalabu hushika yote mawili, na mtu aliyeondolewa maumivu upande mmoja huanza kuyasikia ya upande wa pili ambayo zamani yalifunikwa. Wapasuaji wengi hupenda ipite angalau miezi mitatu kati ya upasuaji mmoja na mwingine, na muda huo una kazi. Misuli ya paja la pili ikazwe kabla haijapasuliwa, kwa kuwa mwenye nguvu kabla huinuka mapema baada. Kiti cha kuketia kiinuliwe, chombo cha choo kinunuliwe, mwendo wa magongo ufundishwe mtu angali na miguu ya kusimama. Na jamaa waketishwe waambiwe ni nani atakayepika, ni nani atakayehesabu mazoezi ya asubuhi, na ni nani mwenye moyo mgumu wa kutosha kumwona mgonjwa akikunja uso bila kumwambia apumzike.